Kutoka kiwanda cha misumari hadi karakana ya Fundi Rajab

Alhamisi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, saa hii jua la jioni limetoka na ploti nzima imerudisha nguo kwa kamba. Niko na furaha, wacha niandike kabla ipoe.

Leo nimeandikwa kazi.

Kwa wenye hawanijui, mimi ni Mutheu, mtu wa Kitui, mkaaji wa mtaa wa Kongo hapa Kawangware, Nairobi. Miaka kumi na sita nilikuwa kwa kiwanda cha misumari. Mashine zilipiga kelele hadi mwenzako hakusikii hata ukiwa begani mwake, kwa hivyo tuliongea na mikono na tukasomana midomo. Kidole kwenye kidevu, msimamizi anakuja. Viganja juu ya kichwa, chai iko tayari. Tulipiga udaku shifti nzima bila kutoa sauti.

Halafu wenye kiwanda wakaona ni rahisi kuleta misumari ikiwa tayari kutoka nje. Mashine ziling'olewa, sisi tukapewa barua. Wengine wetu wako kwa kazi za mjengo, mmoja anakaanga viazi Riruta, mwingine anabeba watu na bodaboda. Bwanangu Mutuku, ambaye tulikutana hapo kiwandani, siku hizi anachomelea milango na madirisha.

Mimi nilikaa nyumbani miezi saba nikijiambia sijui kitu kingine ila kutazama misumari ikianguka.

Mwezi uliopita Mutuku akaniambia kuhusu Fundi Rajab, seremala Mnubi mwenye karakana Kibera. Rajab ni kiziwi tangu utotoni, na wafanyakazi wake wawili pia ni viziwi. Dada yake Halima ndiye alikuwa akimwongelea na wateja, lakini amefungua duka lake la vitambaa na hana nafasi tena.

"Enda umwone," Mutuku akasema. "Wewe umeongea na mikono miaka yote hiyo, tena ukilipwa."

Nikapewa mwezi mmoja wa majaribio. Wiki ya kwanza nilijiaibisha. Ishara za kiwandani si lugha ya ishara, hiyo nimejua sasa. Nilimwambia Rajab chai iko tayari, akaelewa natafuta nyumba. Lakini Rajab akitoa ishara huwa anatamka maneno kwa mdomo bila sauti, na hapo ndipo kiwanda kilinisaidia. Mengine Halima alinifundisha jioni, akifunga duka.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio, na ndiyo siku mkurugenzi wa shule moja ya kibinafsi alikuja kuulizia madawati. Mzee wa suti, ana haraka. Akanitazama mimi tu, Rajab kwake akawa kama ukuta.

"Mwambie huyo bubu mbao zikipinda nitamrudishia zote," akasema. "Na sijui kama mtu asiyesikia anaweza kupima kitu kikawa sawa."

Nikamgeukia Rajab, nikamwambia kwa mikono: anataka mbao iliyokauka vizuri.

Basi. Hayo tu.

Mikono ya Rajab ikasema polepole: "Yeye ameongea mengi. Wewe umenipa kidogo. Mengine yako wapi?"

Hapa nitakuwa mkweli. Nilijiambia namkinga Rajab, lakini nilikuwa nakinga kazi yangu. Niliogopa wakigombana oda itapotea, nami niende nayo. Huyu ni mtu mzima, ana karakana na watoto wanne, na mimi wa mwezi mmoja nimeamua ni maneno gani yanamfaa.

Nikampa yote. Hata "bubu".

Hakukasirika. Alivuta dawati moja katikati ya sakafu, akamwonyesha mzee aketi. Mzee akaketi, magoti juu, suti imebana. Rajab akaanza, nami nikatafsiri neno kwa neno.

"Naitwa Rajab. Bubu si jina langu. Ukiongea, niangalie mimi. Sasa tingisha hilo dawati vile unataka. Likilia mimi sitasikia, lakini wewe utasikia."

Mzee akatingisha. Akaegemea upande mmoja, akatingisha tena. Dawati halikulia. Mwishowe alicheka, akainuka, akamgeukia Rajab uso kwa uso.

"Pole, fundi," akasema.

Hiyo haikunihitaji, Rajab aliisoma midomoni. Mzee akaagiza madawati ya madarasa mawili.

Alipoondoka nikamwomba Rajab msamaha. "Halima pia alianza hivyo," akanijibu. "Usirudie. Kesho uje mapema, tuna madawati."

Ndivyo nilivyoandikwa. Sikuulizwa swali lingine.

Halafu wakanipa jina. Viziwi hupeana majina ya ishara, na mwenyewe hujichagulii. Otieno, mmoja wa wale wafanyakazi wawili, anayepiga randa, alinitazama kidogo, akagusa meno yake ya mbele na kidole. Mwanya wangu. Huo mwanya nimeuficha na mkono tangu shule ya msingi, na sasa ndio jina langu Kibera. Nilicheka mdomo wazi, sikukumbuka kuuficha.

Nilipofika nyumbani nikamfundisha Mutuku hilo jina, kisha nikaenda kuteka maji. Nikiwa kwa foleni nikamwona amesimama mbali, mlangoni. Kwa kawaida angepaza sauti hadi ploti ya pili ijue chakula kiko tayari. Leo alingoja nigeuke, akagusa jino.

Jirani yangu kwa foleni akamtazama. "Bwanako anaumwa na jino?"

"Hapana," nikamwambia. "Ananiita."