Televisheni ya Ghorofani

Masama,
Jumapili, baada ya ibada.

Kaka yangu mpendwa Eliezeri,

Shikamoo. Naitanguliza mapema na kwa moyo mweupe, maana ukifika mwisho wa barua hii huenda usitake kuiitikia. Hujambo huko Dar es Salaam? Wifi yangu Violet na watoto hawajambo? Kifua cha yule mdogo kimepona? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua za vuli zimeanza kwa kusitasita, kahawa ya mwisho bado iko juani, na ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mama ni mzima wa roho. Habari za magoti yake nitazifikia, usiruke kurasa.

Najua umeshangaa kukuta barua ya mkono ndani ya kiroba cha ndizi, wakati simu ninayo na salio umeniwekea mwenyewe. Sababu ninayo, nayo iko mbele.

Nianze na Wi-Fi, kwa kuwa ndiyo uliyonisumbulia tangu Agosti. Ulinipigia ukasema unalipia intaneti kila mwezi na haifiki sebule ya juu, televisheni inazungusha kiduara tu haifungui kitu. Hukusema nani amekuambia, nami sikuuliza. Ukaongeza kwamba hujui nafanya kazi gani hapo nyumbani kama hata hilo linanishinda. Neno hilo liliniuma, kaka, na bado linaniuma. Ninayekamua ni mimi, ninayepika mtori wa ndizi ni mimi, ninayemkanda Mama miguu kila jioni ni mimi. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Leo sinyamazi.

Nilijiuliza, televisheni ya huko juu ni ya nani? Tangu mlipoondoka Januari hakuna anayekaa kule, ila mimi ninapopanda kufuta vumbi. Nikasema basi ni ya Desemba, kaka anataka wageni wake wakute kila kitu kinawaka. Nikaingia kazini.

Ruta niliikuta kwenye kabati la vyombo, imebanwa nyuma ya masufuria. Nikaitoa nikaiweka kwenye rafu karibu na ngazi, juu kukapata afueni kidogo. Asubuhi yake nikaikuta tena nyuma ya masufuria. Mama akasema taa zake zinamsumbua usingizi. Nikairudisha. Kesho yake iko kabatini, safari hii Mama akasema ni kwa ajili ya radi. Siku nyingine ikawa vumbi. Mimi nikaona ni utu uzima, nikawa naitoa tu, na yeye anairudisha, tukaenda hivyo kama watu wanaofukuzana kuzunguka nyumba.

Mwishowe nikamwita fundi Thadeus kutoka Pasua. Fundi yule ana mdomo, alianza kusema akiwa getini. Akapanda na simu yake, akashuka, akapanda, kisha akatangaza kwamba zege la nyumba hii lina nondo za kutosha daraja, na mtandao hauwezi kulipenya. Hapo nilicheka peke yangu. Nilikukumbuka ulivyosimama juu ya mafundi ukiwaamuru waongeze nondo, isije ikasemwa kwamba Eliezeri amejenga banda la kuku. Basi akapitisha waya kando ya ngazi mpaka juu, akafunga kifaa cha pili sebuleni kwako, na televisheni ikafunguka kabla hajaweka bisibisi chini. Nilikutumia picha. Ulifurahi, ukanishukuru, na nilikuwa nimesahau shukrani zako zinafananaje.

Aliyekosa furaha ni Mama peke yake. Alimuuliza fundi kama waya ule hauwezi kukatwa na panya. Fundi akamhakikishia kwamba hauwezi.

Sasa sikiliza vizuri. Alhamisi iliyofuata nilishuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Niliporudi nikasikia simu ya Mama inaita ndani, inaita inakatika, inaita tena. Nikaingia mbio. Nilimkuta amekaa katikati ya ngazi, fimbo imemponyoka imelala chini, mkono mmoja umeshika chuma cha ngazi na mwingine umeshika simu. Kupanda hawezi, kushuka hawezi. Aliyekuwa anapiga ni wewe. Uso wake ulikuwa umelowa, na aliponiona akageukia ukutani kama mtoto aliyekamatwa.

Nilimwita jirani yetu Bernadetha, tukamshusha kwa kumbeba. Nikampa maji. Ndipo akaniambia yote, na akaniapisha nisikuambie kamwe kwa simu, wala kwa kumtuma Violet. Nikaapa. Barua hakuitaja, na mimi sikumkumbusha.

Kaka, Mama hajawahi kupanda ngazi za nyumba uliyomjengea, hata mara moja.

Siku ya kubariki nyumba alipelekwa juu kwenye kiti, vijana wa kwaya wamembeba wakiimba, na wewe ulipiga makofi ukidhani ni heshima. Alikuwa amewaomba yeye mwenyewe, kwa kunong'ona, kwa sababu magoti yalikuwa yameshakataa. Desemba yote alikaa chini akisema yuko na wageni wa jikoni. Nanyi mlikula juu mkitazama mlima.

Ulimwambia umeiweka sebule juu ili anywe chai yake anaiona Kibo, kama alivyokuwa akiiona mlangoni pa nyumba ya zamani uliyoibomoa. Hakutaka kukuvunja moyo. Kila ulipompigia mimi nikiwa shambani, ukamuuliza kama yuko juu, alijibu yuko juu. Ukamuuliza mlima ukoje leo, akakuambia una theluji, au umejifunika. Ukimuuliza ametazama nini kwenye televisheni, hapo hakuwa na la kusema, ndipo akapata kisingizio cha mtandao. Na ili kisingizio kisife, akawa anaificha ruta nyuma ya masufuria. Mimi na wewe, kwa bidii zetu, tukamnyang'anya kisingizio. Ukamwambia sasa apande, umpigie kwa video, umwone na mlima nyuma yake. Akasema kesho, na kesho nyingine, mpaka siku ile akaona aibu ya kukataa tena, akajaribu.

Nimekuwa nikimkanda magoti yale kila jioni, na sikujua ni uongo gani anaubeba kwa ajili yako. Nilikasirika. Nilikukasirikia wewe zaidi ya wote, na sitajifanya nimetulia.

Kwa hiyo nisikie nilichofanya. Televisheni nimeishusha. Fundi Thadeus ameishusha Ijumaa, akisema njia nzima, pamoja na makochi yako mawili ya ngozi na lile zulia ambalo watoto hawaruhusiwi kulikanyaga. Vyote viko gerejini. Ndiyo, gereji yako, ambayo mwaka mzima inasubiri gari lije kulala Desemba tu. Milango yake mipana inatazama mlimani moja kwa moja, na haina ngazi hata moja, kwa sababu magari hayapandi ngazi. Kwa gari ulifikiria hilo. Nimepaka ukuta chokaa, nimeondoa matairi na makopo ya oili, nimeweka meza ya chai. Mama anaingia mwenyewe na fimbo yake. Ruta iko juu ya kabati, na hakuna anayeificha. Juu sasa kuna mtandao wa nguvu sana na hakuna cha kutazama.

Desemba gari litalala nje. Likinyeshewa, litakauka. Wageni wako wakiuliza kwa nini wanapokelewa gerejini, waambie ni mdogo wako Yuditha aliyeamua. Ukitaka kunifukuza kwenye kihamba cha baba, shamba hili la urithi wetu, njoo uniambie mbele ya Mama, naye akiwa ameketi pale anapoona mlima.

Najua Baba mdogo Efraimu atakuambia kwamba nimevuka mpaka na napaswa kukuletea jani la sale nikuombe radhi. Masale yapo, yamestawi pale mpakani kama Baba alivyoyapanda, lakini mimi sitachuma hata moja. Ukifika, chuma wewe. Mpelekee Mama. Unajua anayeletewa sale hawezi kukataa kusamehe, na huyu hatangoja hata ulishike vizuri. Wala hatakubali kwamba kuna kosa. Mpelekee hivyo hivyo.

Nimemaliza. Mama anakusalimu sana, hajui nimekuandikia. Nisalimie wifi yangu na watoto, unibusie yule mdogo. Ndizi zilizo juu ni za mtori, za chini ni za kuivisha, msizichanganye.

Mpigie Mama kwa video kesho saa ya chai. Usimuulize kama amepanda juu. Muulize tu mlima ukoje leo, kaka, halafu usikilize, maana atakuambia anachokiona.

Ni mimi mdogo wako,
Yuditha