Msalaba Chini ya Tairi la Akiba

Kwa Bi Tunu, Kibondo
27 Juni 1976

Kaka yangu Tharsisi,

Nakusalimu, na Pelagia mke wangu anakusalimu pamoja na watoto wote wawili. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kigoma, wewe na shemeji Philomena na mafundi wako wa gereji. Sisi huku hatujambo. Kikohozi kilichomsumbua Pelagia mwezi wa nne kimekwisha, na mvua zilituacha salama. Ukiniuliza habari zangu mwenyewe, mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Najua utashangaa kupata karatasi nyingi hivi kutoka kwa mtu ambaye kwa kawaida hukuandikia nusu ukurasa. Tena mengi nitakayoyasema unayajua. Nayaandika yote hata hivyo, moja baada ya jingine, usije ukasema kesho kuna jambo hukuambiwa.

Bi Tunu unamjua, yule mjane wa Ujiji anayeuza chumvi ya Uvinza, mawese na kanga hapa sokoni. Ndiye aliyenipa chumba uani kwake nilipokuja Kibondo kutafuta kazi sina hata godoro. Pelagia alipojifungua, mara zote mbili, uji aliokunywa ulitoka jikoni kwake. Mimi alikuwa akiniita mwanangu, na kwa kweli nilizoea mpaka nikasahau kwamba tunasali nyumba mbalimbali. Basi mwezi wa pili alitangaza dukani kwake kwamba anataka kununua gari, tena gari la kifahari lenye mbio, na dereva wake nitakuwa mimi. Watu wa sokoni walicheka sana. Akawaambia kwamba amekula vumbi la wakubwa kwenye barabara ya Kasulu miaka ishirini, na sasa ni zamu ya wakubwa kuonja lake.

Tulipobaki wawili akanieleza sababu ya kweli. Mwaka 1971 kaka yake alifariki Ujiji asubuhi. Yeye alipata habari kabla ya adhuhuri, lakini basi lilikuja kesho yake. Waislamu hawalazi maiti kama sisi tunavyokesha tukiimba. Alipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa tangu jana yake. Sasa alibaki na dada mmoja tu, naye mgonjwa wa moyo. Tangu wakiwa wasichana walikuwa wameahidiana kwamba atakayebaki ndiye atakayemwosha mwenzake kwa mikono yake. Bi Tunu aliniambia wazi kwamba hatafuti gari la kutamba, anatafuta gari la kuwahi.

Maneno hayo nilikuandikia wewe, Tharsisi. Barua yangu ya kwanza ilikuwa na habari zote, ya kaka yake na ya dada yake, nikakuomba unitazamie magari yanayouzwa huko. Hukuwa mtu wa kuambiwa nusu.

Nilipokuja mwezi wa tatu ulinionyesha matatu. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya mwaka 1967, rangi ya udongo, bei elfu kumi na nne. Mwenyewe alisema bila kuulizwa kwamba spidomita imezunguka mara moja ikaanza tena sifuri, kwa hiyo zile kilomita elfu kumi na nane zinazosomeka ni laki moja na elfu kumi na nane. Mpira wa kanyagio la breki ulikuwa umelika kama kipande cha sabuni. La pili lilikuwa Citroën ya 1969, changa kuliko yote, bei elfu kumi na saba, lile ambalo ukilizima linashuka chini lenyewe. Niliporudi nikamsimulia Bi Tunu, akasema gari linalosujudu bila udhu hataki kulisikia. La tatu ni Benzi 230 S, jeusi, la 1966. Ndilo kongwe kuliko yote na ndilo ghali kuliko yote, elfu ishirini na mbili, lakini spidomita ilisoma elfu sitini na nne tu, na lilipanda ule mlima wa kutoka mjini kama linateremka.

Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye Peugeot. Nilikwambia kwamba gari linalokubali uzee wake ni gari la kuaminiwa. Nikakuuliza pia kwa nini Benzi ya miaka kumi iwe na mipira mipya ya kanyagio na kiti cha dereva kilichoshonwa upya, ukasema mwenye gari, yule mkandarasi wa Kizungu anayerudi kwao, ni mtu wa usafi. Nikakuuliza kama spidomita haijazunguka. Ukaniambia niende nyumbani, utalifungua lote kisha utaniandikia.

Ukaniandikia. Barua yako ninayo hapa mezani. Unasema umeifungua injini kwa mikono yako, spidomita haijazunguka hata mara moja, na Bi Tunu achukue Benzi afumbe macho. Unamalizia kwamba wewe na mdogo wako mlilelewa na mama mmoja na hamjui kuuza mbuzi ndani ya gunia. Bi Tunu hasomi herufi zetu, anasoma za Kiarabu na namba. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea, mara mbili, kwa majivuno, na nilipofika pale pa mama mmoja nilipandisha sauti. Akaikunja ile barua akaitia kwenye kisanduku anachotunzia dhahabu zake. Tukachukua Benzi.

Majuma ya kwanza yalikuwa ya furaha, sitakudanganya. Bi Tunu alikaa kiti cha nyuma kama bibi harusi. Tulikwenda Kasulu mara mbili, na Rungwe Mpya mara moja kununua maharage, tukapata pancha moja tu. Gari lilikuwa linakula oili kidogo, nikasema ni umri.

Tarehe kumi na tatu ya mwezi wa tano, simu ilipigwa posta. Dada yake alikuwa amefariki alfajiri, na mazishi ni baada ya sala ya alasiri. Bi Tunu hakulia. Alichukua kanga mbili mpya, sabuni na kafuri, akavifunga furushi moja, akaingia garini. Saa mbili asubuhi tulikuwa tumeiacha Kibondo nyuma. Nilikuwa na hakika ya kufika Ujiji saa nane, na yeye njia nzima alishika lile furushi mapajani.

Saa tano, kwenye kilima cha Makere, injini iligonga mara tatu ikakaza. Sina haja ya kukueleza wewe pistoni zikikaza zinaliaje. Nilipofungua kizibo, oili iliyotoka ilikuwa nzito, ile ya giaboksi, ile ambayo fundi huitia kwenye injini iliyochoka ili isipige kelele mpaka mnunuzi afike mbali.

Unaona lilipokufa? Chini ya nyumba yetu, Tharsisi. Mama alituona kutoka shambani akashuka mbio, akamkumbatia Bi Tunu, akampa pole na maji. Mimi nilikuwa natoa vitu kwenye buti kutafuta spana, nikaliinua tairi la akiba, na mpira uliokuwa chini yake ukainuka nalo. Mama akachungulia, akaona namba na msalaba vilivyochorwa kwa rangi nyekundu kwenye bati. Akapiga vigelegele, mama yetu, huku akimwita mwanawe kwa lugha ya nyumbani, mwana wanje, mwana wanje, na kumvuta Bi Tunu mkono aje aone. Alimwambia kwamba gari hili limepita mikononi mwa mwanawe mkubwa, kwani ule msalaba ni wa kwake.

Bruda wa misheni alitufundisha sote wawili kwamba anayebadilisha oili aandike kilomita mahali ambapo kitambaa cha mwenye gari hakifiki, tena aandike hesabu nzima pamoja na mizunguko. Lakini msalaba hakukufundisha Bruda. Huo uliuchukua kwa mama, ule anaouchora kwa jivu kwenye mlango wa kihenge akimaliza kuhifadhi maharage, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Kila injini uliyoimaliza uliichorea kando ya hesabu yake. Mimi nilikuwa nakucheka, ukasema kazi iliyokamilika lazima iwekwe mkononi mwa Mungu.

Mama hajui namba. Bi Tunu anazijua sana, maisha yake yote ni mizani. Aliinama akaisoma ile rangi nyekundu polepole: 258,300, mwezi wa kumi na moja, mwaka 1975. Kisha akaenda mbele, akafuta vumbi kwenye kioo cha spidomita, akasoma na pale. Ilikuwa elfu sitini na sita na kitu. Mama alikuwa bado anatabasamu, anangoja mgeni amsifu mtoto wake.

Miezi minne kabla ya kuniandikia kwamba halijazunguka hata mara moja, ulikuwa umeandika kwa mkono wako kwamba limezunguka mara mbili. Sijui ulipewa nini na yule mkandarasi, wala usiniambie. Nilikutegemea wewe kuliko macho yangu. Mtu baki angenidanganya ningemtukana tukaachana. Wewe ni kaka yangu, uliyenifundisha kushika spana, na maneno yako niliyasoma kwa sauti kama Injili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami siku zote nilidhani wanasema habari za chawa.

Hapo barabarani Bi Tunu aliniuliza swali moja tu, kama nilijua. Nikamjibu sikujua. Nikaapa kwa uhai wa mama, na mama yupo pale anasikia.

Hakuna gari lililopita kuelekea Kasulu mpaka saa kumi na moja jioni. Lililokuja ni Peugeot 404 ya rangi ya udongo. Imenunuliwa na Ndayiragije, yule mfanyabiashara Mrundi wa Kibondo, na inafanya teksi kila siku bila kuumwa hata kikohozi. Walimbana Bi Tunu katikati ya abiria wakaenda naye. Alifika, akakuta dada yake amekwisha kuoshwa na majirani na kuzikwa tangu alasiri. Lile furushi alirudi nalo Kibondo halijafunguliwa.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike, na ambalo hata wewe hulijui.

Ile pancha ya Rungwe Mpya, niliyokutajia huko juu kana kwamba si kitu, nilibadilisha tairi mwenyewe. Niliiona namba. Niliuona msalaba. Ilikuwa tarehe kumi na nane ya mwezi wa nne, karibu mwezi mzima kabla ya msiba. Nilisimama pale na jeki mkononi, nikajua kila kitu kwa mara moja. Bi Tunu alikuwa ng'ambo ya barabara anachagua maharage. Ningevuka tu. Angeniambia tulirudishe, au tuifungue injini, au siku ile ya simu angemkodi Ndayiragije asubuhi ile ile, kwa kuwa nyumba zao zinatazamana. Badala yake nilirudisha mpira wa buti juu ya maandishi nikaupigapiga ukae sawa. Nilijiambia ninakusitiri wewe. Ukweli ni kwamba niliona haya kwa ajili ya ile sauti niliyoipandisha. Nikaomba Mungu dada wa watu asife haraka. Hebu fikiri, hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu.

Arobaini ya marehemu ilisomwa Jumatatu iliyopita. Wageni walipoondoka, Bi Tunu alinitolea barua yako kutoka kwenye kisanduku akataka nimsomee tena. Nilipofika pale pa mama mmoja niliiweka karatasi chini. Nikamwambia yote, na habari ya Rungwe Mpya, na kwamba niliapa kiapo cha uongo. Akasema kwamba wewe uko mbali na hujawahi kunywa maji ya nyumba yake, bali mimi nimeyanywa. Hakunifukuza. Asubuhi huniamkia vizuri, hunipa ufunguo wa duka, na watoto wangu bado wanakula kwake. Ila siku hizi ananiita dereva. Na gari hakuna.

Usilete fedha, hakuomba. Alichokosa hakiuzwi Kigoma. Kama bado una uso, panda basi uje ukae mbele yake useme kwa kinywa chako, nami nitakaa karibu yako, kwa kuwa kosa tumelifanya pamoja. Usipokuja, usiniandikie tena kunishauri jambo lolote.

Juzi nilikwenda Makere kumsaidia mama kuhifadhi maharage. Mwaka huu yamekubali sana. Alikuwa ameniuliza kwa nini yule mgeni aliacha kuzungumza pale barabarani, nami nikamwambia, sikuweza kumdanganya mara ya pili. Tuliyatia kihengeni mpaka juu, akaufunga mlango na kuuziba kwa udongo kama kila mwaka. Mimi kwa mazoea nikamletea jivu kwenye kigae. Aliliangalia, akaniambia nilirudishe jikoni.

Nisalimie shemeji na watoto, na mafundi wote wanaonikumbuka. Pelagia anasema msisahau kumwombea. Salamu za mama sina. Nilizingoja mpaka gari la kurudi Kibondo likaja.

Ni mimi mdogo wako,
Nestori