Wambeti wa Sura ya Tatu

Ruiri,
25 Novemba 1996

Kwako Shangazi Cicily,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Bwana Muturi na ng'ombe wenu aliyekuwa karibu kuzaa. Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa kwa vumbi la kupura maharagwe, lakini dawa hataki. Unamjua kaka yako.

Mitihani ya kidato cha nne ilikwisha juma lililopita. Sasa niko nyumbani, na Mjomba Kaberia anataka niende Meru mjini mwezi wa Januari nikauze misumari na mabati dukani kwake. Shangazi, unanijua. Mtu akiniuliza bei ya kitu, jibu ninalo lakini halitoki. Nilimwambia Baba ningependa kubaki nikiandika hadithi. Hakunicheka. Alisema, "Hadithi zikinunua karatasi zake na sabuni yako kabla ya mwezi wa Januari kwisha, kaa. Zisiponunua, mjomba wako anakungoja."

Ulipotutembelea ulisema kwamba huko Kianjokoma wanawake hukaa saa nyingi kwenye kituo cha chai wakingoja lori la kuchukua majani, na kazi yao ni kusengenya tu. Nimeweka humu sura mbili za kwanza za hadithi ya mjane anayegombania shamba lake na shemeji yake. Naomba uzitoe fotokopi uwauzie, uone kama watataka kujua kinachofuata. Mjane nimempa jina la huko kwenu Embu, Wambeti, ili wamwone ni mwenzao.

Tafadhali usiseme ni mimi niliyeandika.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Makandi


Kianjokoma,
5 Desemba 1996

Kwako Makandi,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Ng'ombe alizaa ndama dume, tumemsamehe tu. Mwambie kaka yangu anywe dawa, la sivyo nitakuja nimfungue mdomo mwenyewe.

Nilitoa nakala kumi kwa Runji, yule mwenye mashine ya fotokopi hapa sokoni. Lori lilichelewa mpaka giza likaanza kuingia, na lilipofika sikuwa na nakala hata moja mkononi. Wasiojua kusoma wanasomewa. Wanjugu alikataa kulipa, eti masikio yake hayatumii karatasi. Wenzake wakamwambia, "Basi yapeleke nyumbani." Akalipa kabichi. Nimeshaila.

Sasa sikiliza. Hapa kituoni tuna Wambeti wetu, mke wa Munyi, sauti yake inafika ng'ambo ya mto. Tangu alisikie jina lake humo amekuwa mtu mwingine. Kila akinikuta anauliza, "Na leo nimefanya nini?" Shemeji wa hadithi alipong'oa mpaka wa shamba, Wambeti alipita karibu na shemeji yake wa kweli bila kumsalimu! Amelipia mpaka sura ya sita, hata zile ambazo bado hujaziandika, na amewabana wengine wanane wafanye hivyo hivyo. Anasema hadithi hainunuliwi kidogo kidogo kama chumvi. Kwa hiyo pesa ya karatasi na sabuni imepatikana, naishika mimi.

Mtunze huyo Wambeti. Yeye ndiye duka lako.

Shangazi yako,
Cicily


Ruiri,
6 Desemba 1996

Kwako Shangazi,

Habari za siku nyingi? Baba bado anakohoa, Mama anakusalimu. Je, ng'ombe amezaa?

Sijapata jibu lako bado, lakini nimeshindwa kungoja. Nakutumia sura ya tatu kwa mkono wa dereva wa lori la viazi anayekuja huko, ili ikufikie haraka.

Katika sura hii Wambeti anakufa. Anashikwa na kifua kwa kulala shambani akilinda mpaka, na binti yake anabaki kuendesha kesi. Nililia nikiandika, mpaka Mama akadhani nimekumbuka mtihani wa hesabu. Nafikiri ndiyo sura nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Usiisome juu juu.

Mtoto wa kaka yako,
Makandi


Kianjokoma,
14 Desemba 1996

Kwako Makandi,

Sisi sote ni wazima isipokuwa Wambeti, aliyefariki Alhamisi kituoni.

Kosa ni letu sote wawili. Bahasha yako ilifika nikiwa nakimbilia kupima chai, nikampa Runji bila kuisoma. Nakala ya kwanza aliichukua Wambeti mwenyewe, maana ndiye mwenye sauti. Akapanda juu ya kreti akawasomea wenzake. Alianza vizuri sana, akakohoa pale ulipoandika akakohoa. Kisha akajisomea akifa. Akafika mpaka kwenye matanga, akasimama. Hakuna aliyecheka. Aliteremka akasema, "Mtu amelipia mpaka sura ya sita, mnamzika ya tatu?" Akabeba kikapu chake akaenda nacho nyumbani bila kupima majani. Makandi, hapa hatuachi majani bila kupima hata siku ya mazishi.

Jioni Munyi alikuja kwangu. Hakukasirika, ila hakukaa. Alisema, "Aliyemtangaza mke wangu marehemu aje ale nyumbani kwetu, amwone akitafuna." Akasema tena kwamba barua haitamtosha. Wengine watatu wamedai kurudishiwa pesa, nimewaambia wangoje.

Kuna njia nyingine. Runji anataka kuinunua hadithi yote mara moja. Yeye atabadilisha jina la mjane, atachapa, atauza Embu mjini na popote apendapo. Utapata pesa za kumwonyesha baba yako, na hutalazimika kuonana na mtu. Lakini pia hutajua nani anakusoma, na hapa Wambeti atabaki marehemu.

Chagua mwenyewe. Siwezi kukuchagulia.

Shangazi yako,
Cicily


Ruiri,
13 Januari 1997

Kwako Shangazi mpenzi,

Nilifika nyumbani salama, na mboga ulizonipa hazikunyauka njiani. Baba ameanza kunywa dawa. Anasema ni kwa hiari yake.

Nisamehe kwa kukaa kimya mwezi mzima na kukutokea mlangoni bila taarifa. Barua ya kumkubali Runji niliiandika mara tatu. Kila nilipofika mahali pa kutia sahihi nilimwona mtu nisiyemjua anaondoka na kikapu chake mgongoni, na sikuweza.

Nataka kukueleza yale usiyoyaona, kwa maana tulipofika kwa Munyi alikuita nje ukamtazame mbuzi. Nilibaki jikoni na Wambeti. Alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Ni wewe? Nilidhani ni mwanamume mwenye kitambi."

Nikaitikia kwa kichwa. Akanipakulia mukimo wa viazi na mahindi, akajipakulia na yeye.

"Nakula. Unaniona nakula?"

"Nakuona," nikasema.

"Basi niambie. Kwa nini uliniua?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka watu walie.

"Walilia! Munyi alilia, na baba yake alipozikwa alikuwa akipiga miayo tu. Hapo ulifanya kazi. Lakini mimi bado nina kesi ya shamba. Utanifukuaje?"

Nikamuuliza yeye angefanya nini kama angeshikwa na kifua kile. Akaweka kijiko chini. Akasema angeenda kwa mama yake Kiambere, kwenye joto, apone huko kimya kimya, shemeji adhani amekimbia, ajenge ua mpaka katikati ya shamba, halafu siku ya kesi aingie kwa mlango wa mbele. Nikaomba karatasi. Tuliiandika sura ya tatu upya hapo hapo, yeye akichochea moto na kunikatiza. "Usinifanye nilie mbele ya shemeji," alisema. "Nitalia Kiambere." Uliporudi kutoka kwa mbuzi ulituuliza tunagombania nini. Tulikuwa tunagombania hakimu.

Ya kituoni kesho yake uliyaona mwenyewe. Bado siamini kwamba nilipanda juu ya kreti ile nikawasomea sura mpya. Mwambie Wanjugu nimempokea kwenye orodha ya wanaolipia mwaka mzima, na kabichi itafaa. Runji naye aambiwe asinune. Mashine yake tutaihitaji kila mwezi, na hadithi inabaki kwetu. Kila mwisho wa sura nitaacha nafasi ya msomaji kuniambia alichopenda na alichochukia. Asiyeandika amwambie Wambeti, naye ataniambia, hata nisipouliza.

Jumamosi Mjomba Kaberia alikuja na pikapu kunichukua. Nilikuwa nimefunga sanduku, kwa sababu pesa za waliolipia mwaka mzima nilimkabidhi Baba niliporudi, akazitia mfukoni bila kuniambia kama zinatosha. Mjomba akauliza, "Msichana yuko tayari?" Baba alienda ghalani, akarudi na gunia la viazi mgongoni, akalipakia. Akaleta la pili. Kisha akafunga mlango wa nyuma wa pikapu akasema, "Peleka hivyo. Huyu ana watu wanaomngoja."

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Makandi