Niliapa kwa Talaka, Sasa Binti Yangu Amehitimu Uuguzi

Mpendwa mshauri, Bi Mwanamkuu, asalaam aleikum, na baada ya salamu naomba msaada wako upesi, kwa sababu mdomo wangu mwenyewe umenifunga kamba na wa kunifungua simwoni. Mimi ni mzee wa miaka hamsini na kitu, mchuuzi wa ng'ombe na mbuzi hapa Garissa, shule niliachia darasa la saba na Kiswahili nimekinoa kwa kubishana bei na watu wa Mwingi na Thika, kwa hivyo ukikuta makosa unisamehe. Nina mke mmoja, Khadijo, tuko pamoja tangu tulipokuwa tukihama na mifugo huko Balambala, na mtoto wetu wa kwanza ni Sahra, na habari yangu yote ni ya hao wawili.

Sahra alipasi kidato cha nne hata mwalimu mkuu akaja nyumbani kutupa mkono, akaitwa chuo kikuu Nairobi kusomea shahada ya uuguzi, na mimi nilifurahi nikachinja, lakini jioni moja tukiwa hotelini tunakunywa chai, mbele ya wazee wote wa soko la mifugo, rafiki yangu Bare akaniambia, "Abdirahim, kumbe binti yako anasomeshwa miaka minne ili aje kuosha wanaume? Na atatuosha sisi hapa hapa?" na watu wakacheka, na mimi kuchekwa sijazoea, nikapiga meza nikasema, "Wallahi, siku Sahra atakapovaa nguo ya unesi akafanya kazi hapa Garissa, mama yake ana talaka tatu!" Hapo kicheko kikakatika, kwa maana kwetu mtu akiapa kwa talaka hakuna anayecheka tena, ndiyo sababu sisi wanaume wenye hasira tunakimbilia huko, na mimi zaidi, kwani mimi ndiye ninayeitwa sokoni kuapisha watu wakigombania ngamia, na neno langu likitoka huwa halirudi.

Sahra nikamwacha asome, nikijiambia kazi atafanya huko huko Nairobi na kiapo kitakufa chenyewe. Miaka ikaenda. Kisha ikaja ile mvua ya mwaka wa tisini na saba, mto Tana ukafurika, nikashikwa na kuhara nusura nife, nikalazwa hospitali, na aliyenihudumia ni nesi wa Kikamba jina lake Mbinya, ananigeuza, ananisafisha, ananifunika shuka bila kukunja uso, na siku nilipopata nguvu ya kusema nikamwuliza kwa Kiswahili changu cha sokoni, "Wewe mtoto ya nani? Baba yako najua hii kazi?" akanijibu, "Anajua, mzee, na anajivunia sana. Lala sasa." Niligeukia ukuta nikalia, mshauri, kwa sababu wiki zile zile Sahra wangu alikuwa akivaa joho Nairobi na mimi sikwenda, barabara ilikuwa imekatwa na maji kweli, lakini hata ingekuwa kavu nisingeenda.

Sasa sikia yaliyonipata mwaka huu. Sahra alimaliza mwaka wake wa kufanya kazi chini ya wakubwa wake, akafanya mtihani wa Baraza la Wauguzi, akasajiliwa, na bila kumwambia mtu akaomba mwenyewe aletwe Garissa, kwa sababu anasema mama zetu wanaogopa kujifungulia hospitali kwa kukosa mtu wa kusikia lugha yao, na pia alitaka kutufurahisha sisi wazazi. Akafika na nguo yake nyeupe imepigwa pasi, meno yote nje, na kabla hajanywa maji shangazi yake Shamso akamweleza habari ya kiapo. Hakulia. Akaikunja ile nguo akaniambia, "Aabo, hata mimi unesi umenichosha, nitauza vitambaa na shangazi." Ni uongo huo, maana kila akimshika mama yake mkono, vidole vyake vinateremka mpaka kwenye mshipa, na naona midomo yake inahesabu.

Na Khadijo, ambaye mimi nilidhani hajui kitu, kumbe alisikia kiapo changu tangu mwaka ule ule na akanyamaza, akanipikia na kunifulia miaka yote hiyo na kile kitu kifuani. Juzi akaniambia, "Mimi nimeshaishi, mtoto ndiyo kwanza anaanza, mwache aende kazini, mimi nitarudi kwa kaka yangu Balambala." Hakupiga kelele. Amekunja mikeka yake miwili aliyokuja nayo tulipooana, ameisimamisha nyuma ya mlango, na kila nikiingia na kutoka naigonga kwa bega.

Hospitali imempa Sahra mpaka mwisho wa mwezi awe ameripoti, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Bare, yule yule, ananiambia nimtafutie binti uhamisho wa Wajir, ati kiapo kilitaja Garissa tu. Kwa kadhi sijaenda, naona haya, mtu wa kuapisha wenzake niende kuomba kufunguliwa kiapo changu, nani ataniamini tena sokoni? Nikimwacha Sahra aende kazini nampoteza mke, nikimzuia nimemzika mtoto akiwa hai. Najuta, mshauri, najuta mpaka chai hainishuki. Nifanye nini?

Baba Sahra, Garissa

BI MWANAMKUU ANAJIBU:

Waaleikum salaam, Baba Sahra. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikakasirika, na sasa nakujibu nikiwa katikati.

Chai haikushuki? Siku ile hotelini ilikushuka vizuri. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, lakini wako wewe umeponza vichwa vya watu wengine na chako umekiacha salama sokoni kikiamua kesi za ngamia. Bare alikutania, Bare ndiye aliyekukera, basi ungeapa kwa ng'ombe zako, au ungemnyima Bare salamu mwaka mzima. Khadijo alikuwa nyumbani kwake, hakusema neno, na ndiye uliyemweka rehani. Hili lazima nikwambie kwanza, maana katika barua ndefu namna hii umejuta kwa ajili ya binti, umejuta kwa ajili ya jina lako, lakini sijaona popote ulipomwambia mkeo, "Nisamehe." Kama ulimwambia ukasahau kuandika, niwie radhi. Sidhani ulisahau.

Hata hivyo machozi yako ya pale wodini nayaamini. Mwanamume akioshwa na mtoto wa watu ndipo anapojua kazi ile ni ibada. Ndiyo maana inaniuma zaidi kwamba ulitoka hospitali ukiwa umeshajua, na bado ukakaa kimya, ukingoja kiapo kife chenyewe. Viapo havifi kwa kungojewa, baba. Kama ungekwenda kwa kadhi mwezi ule ule, binti yako angekuta mlango wazi.

Sasa tufanye kazi, maana siku zinakwenda. Talaka haihukumiwi gazetini, na mimi si kadhi. Bare na Shamso nao si makadhi. Nenda kwa kadhi wiki hii, umpelekee maneno yako kama yalivyotoka, usiyakate mkia. Mweleze ulikuwa na hasira kiasi gani, na ulikusudia nini moyoni, kumwacha mkeo au kumziba mdomo Bare. Atakuuliza hayo, na wewe ujibu kweli hata kama kweli yenyewe inakupunguza. Nenda na Khadijo. Maisha yanayojadiliwa ni yake, na amenyamaza vya kutosha.

Wajir usinitajie. Unataka kulipakia kosa lako kwenye lori na kulipeleka kwa watu wengine? Wagonjwa wa Wajir wanahitaji nesi, kweli, lakini si kwa sababu baba yake anamkimbia kadhi. Binti aliomba Garissa. Muuguzi wa shahada, amesajiliwa, mwanamke, anayemsikia mama anayejifungua akilia kwa lugha yake mwenyewe, unao wangapi hapo mjini? Na huyo ndiye auze vitambaa? Mwambie Sahra leo, kwa mdomo ule ule ulioapa, kwamba hakuna mtu nyumbani mwako anayetaka aache kazi. Aende kwa wakubwa wake pale hospitali, aeleze kuna jambo la familia linashughulikiwa, aombe wamvumilie kidogo. Akivaa nguo yake kabla ya kadhi kusema, ataivaa kwa hofu, na mimi sitaki aivae kwa hofu.

Ukishatoka kwa kadhi, rudi kwenye hoteli ile ile, kwa wazee wale wale, uketi palepale, useme, "Nilikosea kuapa, na binti yangu ni muuguzi." Unaogopa hawatakuamini tena? Mzee anayeapisha wenzake halafu akakiri chake kilikuwa kibaya, mimi ningemwamini zaidi. Na wasipokuamini, ngamia wao watapata mwamuzi mwingine. Sahra hatapata baba mwingine.

Bado najua unaniuliza, je, kadhi akisema kiapo kimeshika? Sijui atakavyosema, na sitakudanganya ili ulale usingizi. Lakini nimeitazama nyumba yako kutoka mbali na nimeona hivi: binti ameitoa kazi yake kwa ajili ya mama, mama ameitoa ndoa yake kwa ajili ya binti, na wewe uliyesema neno lenyewe, hadi leo hujatoa kitu. Basi hukumu ikiwa nyepesi, mshukuru Mungu, umshike binti mkono umpeleke mpaka lango la hospitali, watu wote wakuone. Na hukumu ikiwa nzito, ibebe wewe. Nyumba ibaki kwa Khadijo, Sahra aende kazini akirudi amkute mama yake.

Leo ukifika nyumbani, kabla ya yote hayo, ichukue ile mikeka nyuma ya mlango uikunjue kwa mikono yako, uitandike mahali pake. Kama kuna mtu wa kukunja mkeka wake katika nyumba hiyo, Baba Sahra, ni wewe.