Herufi Moja Kwenye Ukuta wa Geti

Jumamosi. Baridi ya Njoro leo imekuja na ukungu, hata ng'ombe wamekataa kutoka bomani.

Niko na miaka themanini na mbili. Trekta ya mzungu aliyekuwa na hili shamba ilikufa nikiiona. Walimu wakuu watatu nimewazika. Hata yule daktari wa Nakuru aliyeniambia chumvi itanimaliza, nimemzika yeye, na chumvi bado nakula.

Binti yangu Wairimu aliniwekea hii blogu kwa simu akidhani nitaandika mambo ya viazi. Naandika kwa kidole kimoja. Nilisoma mpaka darasa la pili tu, lakini katika hilo la pili hakuna aliyenishinda.

Leo naandika juu ya kosa. Langu.

Haya, nimesema.

Wanaoijua shule yetu ya upili siku hizi wanaona maabara na basi. Mimi niliiona ikiwa ghala la pareto. Darasa la kwanza lilikuwa humo humo, na muhula wote wa mwanzo vijana walisoma wakipiga chafya, maana vumbi la yale maua ya kuulia wadudu lilikuwa limeingia mpaka ndani ya mbao. Lakini kiroboto hata mmoja hatukumwona. Wazazi walileta mabati, asiye na bati akaleta kuku, kuku akageuka misumari. Aliyepigilia hiyo misumari ni mimi. Nikachimba choo, nikapanda nyasi ya uwanja, nikagonga kengele miaka yote. Ukisikia mtu akisema shule ilijengwa na serikali, muulize serikali ilishika nyundo gani.

Vijana walitoka kila mahali: Kabazi, Ndabibi, nyumba za reli kule Nakuru mjini. Kila Januari niliwatazama mamono, wale wa kidato cha kwanza, wakiingia na sanduku la chuma lenye kufuli kubwa kama la benki, ndani mkate na siagi. Wiki ya pili mkate umeisha, kufuli bado inafungwa. Usiku wa Jumapili wanalalia suruali chini ya godoro ili zipate mstari. Na maji ya kuoga huku ni ya kuuma meno. Ukisikia kijana anaimba bafuni, ujue bado hajajimwagia.

Niliwapenda. Sikuwaambia.

Sasa, ukuta. Mwalimu mkuu wa kwanza alikuwa mtu wa Mkoa wa Magharibi, mrefu, mpole, Mungu amlaze pema. Alinipa karatasi na mkebe mmoja wa rangi nyekundu nichore wito wa shule pale getini. Karatasi ilisema TUFIKE MBALI. Niliisoma mara moja nikaitia mfukoni, maana fundi wa kweli haangalii karatasi mara mbili. Nikawa nachora huku natamka. Na midomo yetu sisi Wakikuyu wa huku mnaijua, L na R kwetu ni mtu na ndugu yake. Mkono ukafuata vile mdomo ulisema.

TUFIKE MBARI.

Mbari, kwa wasiojua Kikuyu, ni ukoo.

Mke wangu Nyambura, aliyesoma mpaka la sita na hajawahi kuniacha nisahau, alikuwa ameniletea uji. Akasimama pale, akasoma.

"Baba Wairimu, sasa hawa watoto wanafika kwa ukoo wa nani?"

Alicheka mpaka uji ukamwagika. Nikamwambia ndivyo karatasi ilisema, na kama ana shida akaongee na karatasi. Mwalimu naye akaja, akatazama muda mrefu. Rangi ilikuwa imeisha, na mkebe wa pili haukuwepo. Akasema tu, "Fundi, herufi zimenyooka." Na zilinyooka kweli. Mpaka leo sijaona wa kunishinda kwa kunyoosha herufi.

Kabla muhula uishe, vijana walikuwa wamelichukua hilo neno. Wakikutana mjini, mmoja anauliza, "Mbari ya?" Mwingine anajibu, "Ya geti." Basi, wamejuana. Hakuna kuuliza jina la baba wala kwenu ni wapi.

Mwaka ule watu waligombana baada ya kura, shule ilipofunguliwa vijana walirudi wakitazamana kwa pembe ya jicho. Walisimama nje ya geti mafungu mafungu, kila mmoja na watu wa kwao, hakuna anayetaka kuingia kwanza. Mimi nilikuwa hapo na nyundo yangu. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, Kiprono, aliweka sanduku chini akauliza kwa sauti, "Mbari ya?"

Kila fungu likashika masanduku yake.

Akauliza tena. Halafu mmoja wa Kabazi, ambaye hata sanduku hakuwa nalo, nguo zake ziko kwa gunia, akajibu polepole, "Ya geti." Wakaingia. Nilijifanya nagonga bawaba.

Wiki jana niliitwa kwa kamati ya kitabu cha historia ya shule. Mwenyekiti ni huyo huyo Kiprono, sasa ni injinia, tumbo mbele. Akasoma walichoandika: kwamba mwalimu mkuu wa kwanza, kwa hekima yake, alichagua neno mbari ili awaunganishe watoto wa makabila yote.

Nilitaka kuruka. Yule mwalimu hakujua neno moja la Kikuyu! Miaka kumi na minne alikaa hapa, hata maji aliomba kwa Kiswahili.

Lakini Madam, principal mpya, mama wa kunyoosha mambo, akasema wachoraji wanakuja Alhamisi. "Kama ni hekima ya mwanzilishi, ibaki. Kama ni kosa la kuandika, tunarekebisha. Shule haiwezi kukosea kuandika kwa geti yake." Akanigeukia. "Mzee, wewe ulikuwepo. Ni gani?"

Wote wakanitazama. Nyambura pia, aliyekuwa akigawa mandazi.

Hapo ndipo nilipatikana. Kitu kizuri kuliko vyote nilivyofanyia hii shule ni hiyo herufi moja. Kuidai, lazima niseme nilikosea. Nikisema nilikosea, inafutwa.



"Herufi ni zangu," nikasema. "Neno ni lake."

Kiprono akapiga makofi. Madam akaandika: ibaki. Tukienda nyumbani, tulipopita kanisa, Nyambura akaniuliza, "Baba Wairimu, uko mgonjwa?"

Kugawa sifa ni kama kuvaa kiatu cha mtu mwingine. Kimenibana wiki nzima. Ndiyo maana naandika. Kitabu kimeshapelekwa kuchapwa, rangi mpya imekauka, nilisimama hapo siku nzima nikiwaonyesha wachoraji mahali pa kupita. Mwalimu aendelee kuitwa mwenye hekima. Alikuwa nayo, kwa sababu mtu mwingine angeitafuta rangi ya kufuta hiyo R hata Nakuru kwa miguu. Lakini kosa ni langu, na sitaki apewe mtu mwingine.

Madam, kama umesoma mpaka hapa, njoo na brashi yako. Utanikuta nimesimama mbele ya hiyo R, na mimi si mwepesi kusukumwa.

Anayesema naongopa aende akamuulize Nyambura, nyumba ya tatu ukipita josho la ng'ombe. Na kama mnaona mke hafai kuwa shahidi kwa sababu atampendelea bwana wake, basi hamumjui Nyambura.