Mfupa Nao Una Damu

Mfupa wa nyonga umeunga, natembea bila mkongojo! Mwanahawa mdogo wangu, hamjambo huko Kilwa? Mie niko Keko kwa mwanangu Zaituni, nalishwa kama mzazi. Yule yule mliyesema aache shule aolewe, leo daktari wa mifupa, na madaktari wenzake wanamwuliza yeye!

Nilipoanguka uani nikavunjika nyonga, alinipa vidonge vya kuzuia mifupa isizidi kulika. Jirani akaniambia, "Shoga, hivyo vinakausha vishipa vya damu mfupani. Hautaunga huo." Nikajiona nabebwa kwenda chooni mpaka kufa. Basi kila kidonge nikakimeza na kikombe cha maziwa, ili damu isikauke.

Zaituni akanikuta, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama! Maziwa ndiyo yanaizuia dawa isiingie mwilini!" Akasema mfupa si ukuni, una vishipa vyembamba kama nyuzi. Dawa huenda inavigusa kidogo, hilo bado wanalichunguza, lakini damu haikatiki. Sasa nameza kwa maji matupu, halafu naketi wima nusu saa kama bibi harusi, kidonge kisinichome koo.

Jana picha imeonyesha mfupa umeshikana. Alhamdulillahi, nimelia mbele za watu.

Mungu awape watoto kama wangu. Nimeweka nadhiri ya maulidi, na pilau nitasimamia mwenyewe kwa miguu yangu. Nyote mje Keko, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi Kubwa.