Leonia Hakai Tena Mkekani

Katonga, 4 Februari 2024

Mwanangu Ritha, sista wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko unovisini Tabora, na yale mafua yamekuachia. Huku tu wazima, isipokuwa mgongo wangu unalalamika, nami nimeuambia uzoee. Ziwa limepanda tena, limekula vichanja vya kuanikia dagaa vya upande wa chini.

Kwa kuwa simu zenu walizichukua, nimeshika kalamu mwenyewe. Mwandiko unaujua, wa darasa la saba. Lakini mtoto wa huyu wa darasa la saba atavaa shela ya kisista. Hapa mwaloni, mitumbwi ya dagaa inapofikia, wananiita Mama Sista, hata Waislamu. Nawaambia jamani, bado hajaweka nadhiri. Lakini naitika.

Kikundi chetu cha Mama Monika kinaendelea vizuri chini ya uongozi wangu, nisijisifu. Wageni waliokuja juzi niliwapa historia yote: jinsi Wakongo walivyokuwa wakishuka ufukweni wakati wa vita, wengine na watoto waliokwisha kufa mgongoni, na marehemu Bibi Mariana akatukusanya tupike uji na kuwaosha wafu wasio na ndugu. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote na sikukimbia. Tangu hapo hakuna mwanakikundi aliyezikwa bila kuoshwa na mikono yetu na kuimbiwa nasi tukiwa ndani ya sare.

Sasa lipo linaloniudhi. Rafiki yako Leonia hakai tena mkekani nasi siku za kikundi. Tangu amzike yule mtoto wake mchanga, alikuja mara moja tu, akakaa karibu na mlango, akaondoka kabla ya sala ya mwisho. Nikimfuata ananijibu dirishani kwamba kichwa kinauma. Kichwa gani hicho cha miezi yote? Kanuni ya Bibi Mariana unaijua: anayekataa kukaa nasi bila sababu, sare inarudi, na akifa hatuendi. Wengine wanasema tumvumilie. Mimi nimesema tutaamua Jumapili ya kwanza ya Kwaresima.

Wewe uliongea naye kabla hujaondoka. Kama ana sababu niambie, nami nitaacha. Barua nampa Eliakimu anayekuja huko kwa treni.

Mama yako,
Winfrida


Katonga, 25 Februari 2024

Mwanangu Ritha,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za sala na kazi? Sisi tunashukuru, tunakula.

Eliakimu amerudi, anasema treni ilikwama njiani akakufikishia barua Jumatano ya Majivu, akampa sista wa getini. Nilingoja jibu. Nikajua mwanangu ana akili, angekuwa na la kusema angetafuta njia. Kwa hiyo Jumapili niliwaambia wenzangu kwamba hata Ritha wangu, aliyekuwa akila naye sahani moja, hana la kumtetea. Hapo wote wakakubali sare irudi.

Nilikwenda na Wema, mwenzetu wa kikundi, kuchukua sare. Leonia aliipitisha dirishani, imefuliwa, imenyooshwa kwa pasi. Alisema "Shikamoo mama," basi. Wema akawa analia njiani. Nikamwambia kikundi hakiendeshwi kwa machozi.

Kula vizuri. Usijifanye mtakatifu kabla ya wakati.

Mama yako,
Winfrida


Katonga, 17 Machi 2024

Mwanangu Ritha,

Tumsifu Yesu Kristo. Sijui niulize afya yako kwanza au nikwambie kwanza. Leonia amefariki.

Wavuvi wa dagaa walimkuta asubuhi wakirudi, kule kwenye mawe mbele ya mwalo, ambako siku hizi hakuendi mtu kwa sababu ziwa limefunika njia. Inaonekana alikuwa akifua, akateleza. Juu ya mawe kulikuwa na matambaa mengi, vipande vya khanga kuukuu. Tuliulizana anafua matambaa ya nini mtu asiye na mtoto mchanga.

Kikundi hakikwenda. Kanuni tuliyoitumia wenyewe tungeivunja vipi ndani ya Kwaresima hiyo hiyo? Aliyemwosha ni Mama Dunia, jirani yake Mwislamu, yeye na dada zake wawili. Mimi nilisimama barabarani, nikiwa na nguo ya kawaida. Mama Dunia alipotoka kumwaga maji alinitazama, akasema, "Mngekuja, mngeona." Nikamuuliza tungeona nini. Akarudi ndani.

Mama yake alimchukua siku ile ile, wamemzika kwao Kidahwe.

Watu wananiamkia kama kawaida. Mbona huniandikii?

Mama yako


Tabora, 1 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Milele amina. Mwili wangu ni mzima.

Barua zako zote tatu nimepewa jana, Pasaka, baada ya Misa. Kwaresima manovisi hatupokei barua wala hatuandiki, mama mlezi huzifungia kabatini. Nilidhani unajua. Kimya changu hakikuwa jibu, mama. Nilikuwa sijasoma.

Sababu ilikuwepo. Uchungu ulimshikia kwa mumewe, kule Kagunga, boti ya kumleta mjini ikachelewa. Mtoto alifia tumboni, na yeye akaharibika ndani. Tangu siku hiyo mkojo ulimtoka muda wote, hana uwezo wa kuuzuia. Wanaita fistula. Mumewe, Erasto, alimrudisha Katonga kama mtu anayerudisha mzigo. Siku aliyokaa karibu na mlango, mkeka ulilowa, na aliyekaa jirani yake akaziba pua kwa khanga. Ndiyo maana hakurudi. Yale matambaa alikuwa akijifunga, akiyafua mahali ambapo hakuna wa kumwona.

Aliniambia tukichambua dagaa, wiki niliyoondoka. Nikamwambia tumwambie mama, ana kikundi kizima cha kumsaidia. Akasema, "Mwambie yeyote, ila si mama yako. Kesho yake Katonga yote itakuwa inaniombea kwa jina." Nilicheka, nikaahidi.

Ziko hospitali wanakoshona fistula bila malipo, mama. Sista mmoja muuguzi hapa alishakubali kumpokea baada ya Pasaka. Nilipanga kumwandikia Leonia leo.

Mwanao,
Ritha


Katonga, 28 Aprili 2024

Mwanangu Ritha,

Barua yako imefika. Natumaini u mzima.

Niliisoma mbele ya kikundi, yote, pamoja na pale aliposema si mama yako. Kisha Wema akasema aliyeziba pua ni yeye. Mimi nimesema aliyechukua sare ni mimi.

Tulikwenda Kidahwe tumevaa sare, tumebeba na ile ya Leonia, tuiweke kaburini na kumwimbia. Mama yake alitupa maji ya kunywa, akatukaribisha viti. Kuhusu kaburi akasema hapana. Tulirudi bila kuimba.

Kuna mwingine, Frida, mke wa kijana mmoja anayeuza samaki wa migebuka. Naye alijifungua kwa shida, naye haji kikundini. Jina lake lilikuwa linafuata kwenye midomo yetu. Nimekwenda kwake. Nilimsikia ndani akisogeza kiti. Nikasema sikuja kwa ajili ya kikundi, nimekuja mimi. Akajibu nyuma ya mlango, "Mama Sista, nenda tu. Wewe si ndiye uliyechukua sare ya Leonia?"

Sikuondoka. Nilikaa chini pale kizingitini hadi waanika dagaa wakaanza kurudi makwao, wakinipita wakinitazama, na mlango haukufunguliwa. Jana hivyo hivyo. Kesho naenda tena.

Muulize huyo sista muuguzi kama nafasi ya Leonia bado ipo. Na wewe, ukijua neno la kumwambia Frida, niandikie upesi, maana maneno yangu yote ameshayasikia.

Mama yako